Fungate na Mawimbi

Fungate ni neno lililosahau maana yake ya kwanza. Mtu wa mjini alitamkapo leo huwaza nyumba ya wageni kando ya bahari, shuka nyeupe, na picha za kuwapelekea jamaa. Walakini asili yake ni hesabu. Mzigua ahesabupo kwa lugha yake, akiisha kupita sita hufika mfungate, nayo ndiyo saba. Waswahili walilipokea neno saba kutoka kwa Waarabu, likatawala sokoni na chuoni, na fungate ikabaki katika chumba cha maarusi tu, kama mzee anayestahiwa ambaye hatumwi tena kazi. Kwa siku 7 mume na mke walikaa ndani. Chakula kililetwa kutoka kwa wazazi wa bibi arusi, kungwi aliingia na kutoka, wala hapana mtu aliyethubutu kuwaita shambani. Haikuwa safari; ilikuwa kukaa.

Waingereza waliliita jambo hilo kwa asali na mwezi. Neno lao lilikwisha kuandikwa katika karne ya 16, na lilieleza utamu wa mwanzo wa ndoa, ambao hupungua kama mwezi upunguavyo. Desturi ya kusafiri baada ya arusi ilishika nguvu kwao katika karne ya 19, zilipopatikana reli na meli za moshi. Hivyo wao walitazama mbinguni, na watu wa nchi hizi wakahesabu vidole. Mwezi na hesabu vilikuja kukutana juzi katika nyumba moja ya Kwaluguru, wilayani Handeni, na kisa cha makutano hayo kilikuwa ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa na urefu wa futi 7, mweupe uliogeuka rangi ya maziwa yaliyolala, umechongoka mbele na una mapezi 3 chini ya mkia. Ulilazwa darini juu ya magunia matupu yaliyongoja mavuno. Majirani waliuliza kama ni mlango usio na bawaba. Bikizee, nyanya mzaa mama wa binti aliyechumbiwa, aliutazama siku ya kwanza akasema kuwa ni kifuniko cha jeneza la mtu mwembamba. Mwenye ubao alikuwa kijana wa pale pale aliyefanya kazi miaka 3 katika jiko la nyumba ya wageni huko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Mgeni mmoja alimwachia ubao huo alipoondoka, kwa kuwa ulikuwa na ufa na gharama ya kuusafirisha ilipita thamani yake. Kijana aliuziba ufa, akajifunza kuupanda, akaanguka, akajifunza tena. Aliporudi Kwaluguru kulima machungwa aliurudisha pamoja naye, mahali ambapo maji ya karibu yenye kina ni ya bwawa la mifugo.

Mchezo huo wa kupanda mawimbi una nasaba ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Hawaii ulikuwa mchezo wa machifu na wa watu wa kawaida, wanaume kwa wanawake, kabla mabaharia wa Cook hawajauona katika mwaka 1778 na 1779. Afrika nayo haikuungoja ufundishwe na wageni: katika miaka ya 1640 mfanyabiashara wa Kijerumani, Michael Hemmersam, aliandika juu ya watoto wa pwani ya nchi iitwayo leo Ghana waliochezea mawimbi kwa vipande vya mbao. Katika mwaka 2021 mchezo huu uliingizwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, kwenye michezo ya Tokyo. Nasaba hiyo lakini haikumsaidia kijana mbele ya mchumba wake, aliyetaka kujua jambo dogo zaidi.

Binti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Korogwe, na somo lake lilikuwa hisabati. Arusi iliwekwa mwezi wa Juni kwa sababu shule hufungwa na machungwa huanza kuleta fedha. Kijana, aliyeona haya kusema mengi, aliandika mpango wa fungate katika daftari akampelekea aupitie. Ulikuwa mpango wa bidii. Ulieleza upepo wa kusi, ambao katika miezi hiyo huvuma kutoka kusini mashariki na kusukuma mawimbi hadi mwambani. Ulitaja nauli, chombo cha kumpeleka mtu kwenye mwamba, nta ya kupaka ubao usiteleze, dawa ya majeraha. Siku zote 7 zilijaa. Binti alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena kama asomavyo daftari la mwanafunzi aliyepata jibu bila kuonyesha njia. Kisha akauliza, "Na mimi, mwenzangu, niko ukurasa gani?"

Kijana alijibu kuwa yeye yumo katika kila ukurasa, maana safari ni yao wote wawili. Binti akasema kuwa aliyemo kila mahali bila kutajwa ni mlinzi wa nguo. Alikuwa amewaona wanawake wa namna hiyo katika picha: wameketi mchangani, wamekumbatia taulo na simu za wanaume, macho yao baharini wakihesabu vichwa.

Maneno hayo hayakuwa makali, lakini yaligusa penyewe. Wimbi ni mpenzi mwenye wivu. Halimngoji mtu amalize mazungumzo, halirudi likipita, na mtu aliyelizoea hata akiwa mezani huinua uso kila upepo ugeukapo. Fungate nayo ilikuwa na wivu wake: iliwafungia wawili ndani ili kila mmoja asiwe na jingine la kutazama. Anayetaka vyote viwili kwa wiki moja anawaalika wake wenza katika chumba kimoja, na haifai ajifanye hajui.

Kijana alirudi na mpango wa pili. Siku 7 za kwanza wangekaa ndani Kwaluguru kama walivyokaa wazee, na hapo mahaba yangepata haki yake yote. Baadaye wangekwenda Paje siku 4, na hizo zingekuwa za mawimbi. Ulionekana mgawanyo wa insafu, hata mjomba wa binti, ambaye kwa desturi ya Wazigua ana sauti kubwa katika mambo ya mtoto wa dada yake, aliusifu. Binti aliukataa. Alisema mahaba si ghala la mahindi hata yajazwe Kwaluguru yakaliwe Paje. Kama mume angekuwa wake nyumbani na wa bahari ugenini, basi alitaka aambiwe mapema, kwa sababu maisha yangekuwa na ugenini mwingi.

Mjomba, alipoona utetezi wake umeangushwa, alishauri waende Pangani. Ni karibu, yapata kilomita 50 kutoka Tanga mjini, fukwe zake ni tulivu, na mto upitao Korogwe, Ruvu kwa jina la wenyeji, ndio uleule uingiao baharini hapo kwa jina la Pangani. Ushauri huo ulikuwa mzuri kwa upande mmoja tu. Pwani ile imekingwa na visiwa: Pemba iko mbele yake kaskazini, Unguja kusini, na mawimbi ya bahari kuu huvunjika migongoni mwao kabla ya kufika bara. Ndiyo maana ngalawa hulala pale kwa salama, na ndiyo maana ubao wa futi 7 hauna kazi huko. Kumpeleka mpanda mawimbi Pangani ni kumpeleka mchezaji wa ngoma penye msiba: atakaa kwa adabu, lakini miguu itamwasha.

Hapo ndipo bikizee aliposema. Hakushika upande wa ubao wala wa daftari. Alisema kuwa mjukuu wake asipelekwe baharini kabisa. Kijana, ambaye bikizee kwa utani alimwita mume wangu, alidhani ni utani mwingine, akacheka peke yake.

Hofu ya bikizee ilikuwa na historia. Katika miaka ya 1830 njaa kuu iliikumba nchi ya Wazigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Wengine walijiweka rehani, wengine walihadaiwa kwa ahadi ya kazi na nafaka, wakapandishwa vyomboni na kushushwa Barawa na bandari nyingine za kusini ya Somalia, wakawa watumwa. Wenye ujasiri walitoroka wakaingia katika misitu ya mto Juba, na masimulizi yao humtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Wajukuu zao walikihifadhi Kizigua huko kwa zaidi ya miaka 150. Bikizee hakuzisoma habari hizi kitabuni. Alizipokea kwa nyanya yake kama onyo la nyumbani: kwamba bahari huanza kwa kuahidi. Kutoka kwake katika ukoo huo hapakuwa na mtu aliyejua kuogelea, maana bahari ilikatazwa na mto una mamba.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuliona onyo hilo kuwa limepitwa na wakati. Lakini vijana wanaopangiwa safari ya furaha aghalabu hawapewi nafasi ya kujua kwamba mahali pa furaha yao palikuwa mlango wa maumivu ya wengine. Pangani yenyewe, na fukwe zake zinazosifiwa, ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Bikizee hakutaka furaha izuiwe. Alitaka isiwe ya mtu asiyejua aingiapo.

Binti alimjibu kwa upole na kwa hesabu, kama ilivyo tabia yake. Alimkumbusha kuwa vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi ya Wazigua wale walikimbia wakarejea katika nchi ya babu zao, na tangu 2003 walipewa makazi Chogo, katika wilaya hii hii ya Handeni, na baadaye wengi wakapata uraia. Bikizee mwenyewe alikwisha kuwasikia wakisema Kizigua chenye maneno ambayo Handeni imeyasahau. Kwa hiyo waliochukuliwa hawakupotea wote. Kisha akasema neno ambalo halikuwamo katika daftari lolote: kwamba atakwenda baharini, lakini hatakwenda kukaa mchangani. Atajifunza kuogelea.

Tangu hapo mpango uliacha kuwa wa kijana. Binti alitaka mwalimu mwanamke, kwa sababu ya stara na kwa sababu nyingine aliyoieleza wazi: mume anayemfundisha mkewe kuogelea huku masikio yake yako mwambani hufundisha nusu. Jambo hilo halikuwa ndoto. Unguja mradi uitwao Panje umefundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili wote, na picha za masomo hayo, zilizopigwa na Anna Boyiazis mwaka 2016, zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya 2018. Kijana alipiga simu kwa wenzake wa zamani wa Paje, wakamtafutia mwanamke wa kijiji aliyekubali. Masharti yake yalikuwa mawili: wasije maji yakiwa yamekupwa kabisa, na mume asisimame karibu kutoa maelekezo.

Palibaki kuchagua siku, na hapa mwezi uliingia. Pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba mrefu mbali na ufuko, na kati ya mwamba na ufuko kuna maji ya kina kifupi. Katika siku za bamvu, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yakipwa, mtu hutembea mbali sana kwa miguu, na wanawake hushuka katika mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo hapana wa kupanda mawimbi. Mwamba u karibu na uso wa maji na hukata kama kisu. Mawimbi ya kupandwa huja maji yajaapo, kwa muda wa saa mbili tatu hivi. Maji yakianza kutoka, mkondo hukimbilia milango ya mwamba kwa nguvu, na mwenye akili huwa amekwisha kurudi.

Kwa hiyo bahari yenyewe ilikuwa imekwisha kuigawa siku, na kijana, katika mpango wake wa kwanza, alikuwa amejitengea saa ambazo hata bahari isingempa. Mwalimu wa hisabati aliona jambo hilo upesi. Katika pwani ile, mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa yapata saa 10 alasiri, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Kijana alitaka wafike siku ya mwezi mpevu na kukaa siku 4 baada yake, maana bamvu hukua zaidi siku moja au mbili baadaye. Binti akahesabu: 10 kamili, 10 na dakika 50, 11 na dakika 40, na siku ya nne 12 na nusu, jua linapozama. Zaidi ya hayo, mwezi uliopita upevu huchelewa kuchomoza, na kila jioni wangeketi gizani wakiungoja. Alirudisha safari nyuma siku 2. Maji sasa yangejaa saa 8 na dakika 20, kisha 9 na dakika 10, kisha 10, kisha 11 kasoro dakika 10. Kijana angepoteza kimo kidogo cha maji. Wangepata jioni 2 za kwanza zenye mwezi uliokwisha kupanda kabla jua halijazama, na ya tatu ambayo vyote viwili hupishana mbinguni, kimoja kikitoka na kingine kikiingia. Masomo ya kuogelea yaliwekwa kabla ya maji kujaa, kina kikiwa cha kiunoni.

Kijana aliuliza kama mahaba hupangwa kwa dakika. Ni swali ambalo huulizwa na watu waliokwisha kupanga kwa dakika mambo wayapendayo wao. Binti hakumwambia hivyo. Alimwambia kuwa dakika ni za maji. Jioni hakuziandikia kitu.

Bikizee alitoa ridhaa yake kwa masharti. La kwanza, siku 7 za ndani zisipunguzwe hata moja, naye mwenyewe atazihesabu mpaka mfungate. La pili, wapitie Pangani, wasimame penye mlango wa mto, ili arudi mtu wa nyumba yake atakayemweleza kwa macho yake jinsi maji ya Ruvu yanavyoingia baharini. Sharti hili liliongeza safari, kwa maana kutoka Kwaluguru kwenda Unguja hapana sababu ya kupita Tanga. Kijana, ili kuokoa siku, alisema wangeweza kuvuka kutoka Pangani kwa chombo kidogo. Binti akamwuliza upepo wa Juni ni upi. Akajibu ni kusi. Hapakuwa na haja ya swali la pili. Wangerudi Segera, wakashike gari la Dar es Salaam, na kuvuka kwa meli kubwa.

Usiku wa mwisho kabla ya mjomba kuitwa kusikiliza mpango mzima, wachumba walikaa barazani na daftari jipya. Machungwa yalikuwa yamelipa sehemu kubwa. Beberu mmoja angemalizia. Katika orodha ya nauli ya kwenda, binti aliandika watu 3. Kijana akauliza wa tatu ni nani, naye akaelekeza kidole darini, maana kondakta wa basi asingekubali futi 7 zipande bure. Katika nauli ya kurudi aliandika watu 2. Alieleza kuwa rafiki mwenye chombo huko Paje amekubali kuutunza ubao, na kwamba kitu cha maji hakifai kukaukia juu ya magunia, hali watu wanaweza kukifuata kila mwaka machungwa yakiiva. Kijana aliitazama ile 2 kwa muda mrefu. Alishika kalamu, akaiweka, asiifute.